Asali kwenye Fizi za Punje

Walioniambia nimtupe mtoni bado wapo, na wengine wao wananunua mboga kwangu mpaka leo. Nikiwafungia mchicha, Punje anakaa miguuni pangu akiwabwekea, na mimi simkanyi. Abweke, ana haki yake. Yule Mdachi aliyeamuru atupwe ameshauza shamba akarudi kwao na bibi yake, na Punje yupo.

Nasimulia haya kwa ajili yako wewe mwenye kiumbe kidogo mkononi, awe mtoto wa mtu, wa mbuzi au wa mbwa, ambaye asubuhi anacheza na mchana analegea kama kitambaa kilichoroweshwa, na kila apitaye anakwambia, "Huyo si wa kuishi." Habari za dawa sizijui. Hata jina la ugonjwa wenyewe silijui. Ninachojua ni namna nilivyokaa nao nyumbani kwangu tangu kiangazi mpaka masika, na jinsi wenye midomo walivyosema wakachoka.

Mimi ni Mluguru wa Kilakala, mke wa Salum fundi seremala, mama wa mabinti wawili. La mabinti nalisema mapema kwa sababu walikuwepo waliozusha kwamba nimeng'ang'ania mbwa kwa kukosa mtoto. Nimezaa, nimelea, nimeozesha. Mbwa nilimtaka kwa sababu nilimtaka.

Siku zile nilikuwa napeleka mboga kwenye nyumba ya Mdachi mwenye shamba la mkonge. Kabichi, karoti na vitunguu vilitoka mlimani kwa mama yangu, mimi navichukua kichwani mpaka mlango wa jikoni. Bibi wa nyumba ile alikuja kutoka kwao na kijibwa jike, kidogo kuliko paka, manyoya marefu kama ya mahindi mabichi. Kikazaa mwisho wa kiangazi, na kuzaa kwenyewe kukakiua. Watoto nao wakafa, akabaki mmoja. Mara Bibi mwenyewe akashikwa na homa, akapelekwa pwani kwa gari la moshi, na yule mdogo akabaki na watu wasiomtaka.

Nilifika asubuhi moja nikamkuta mpishi, Mabruki, amesimama mlangoni na kipande cha gunia mkononi.

"Bwana kasema nikamtupe," akaniambia.

"Kafa?"

"Bado. Anakufa, anafufuka. Kila mchana anaanguka, anakakamaa, tunasema basi, halafu anaamka. Bwana kachoka naye."

"Kachoka kufanya nini? Yeye ndiye anayemlisha?"

"Mama Asha, usiniponze. Hapa viboko haviulizi."

Nikafunua gunia. Alikuwa anaenea kwenye kata ya maji. Akafungua macho, akanitazama, akakishika kidole changu kwa meno ambayo hata kuota vizuri yalikuwa hayajaota. Akaanza kukinyonya. Nilikasirika, nisikufiche. Nilikasirika kwamba kitu chenye kutaka kuishi namna ile kimewekwa kwenye gunia.

Nikatoa kabichi ya mwisho kikapuni, nikamtia yeye. "Umeshamtupa," nikamwambia Mabruki. "Na kilichotupwa hakina mwenyewe."

"Mimi sikukuona," akasema.

"Na mimi sikuja."

Basi nikashuka naye nyumbani. Nikamwita Punje, kwa udogo wake. Jina alilompa Bibi lilikuwa refu kuliko yeye, na hakuna ulimi wa Morogoro ulioliweza.

Ilikuwa kumi la kwanza la Ramadhani. Salum alikuwa uani anapiga randa. Alipoona kilichotoka kikapuni, akaiweka randa chini polepole.

"Mama Asha. Nini hicho?"

"Mgonjwa."

"Ni mbwa. Mwezi mtukufu, unaniletea najisi ndani ya nyumba?"

"Hataingia ndani, atakaa jikoni kwangu. Nikimgusa nitaosha. Maji yapo."

"Mara saba."

"Mara saba."

"Na moja kwa udongo."

"Na moja kwa udongo, Baba Asha. Hata mimi nimesoma chuo cha Kurani."

Akaishika tena randa. Jioni nilipompelekea futari akanitazama mikono kama anayekagua mbao zilizoliwa na mchwa. Nilikuwa nimeosha mpaka ngozi imekaza. Akala, ila alikula kidogo, na mkeka wake akauhamishia upande wa pili wa ua. Salum si mtu mbaya, na sitaki umfikirie hivyo. Ni mtu wa pwani aliyelelewa kwa usafi, na mbwa kwao ni wa kupigwa jiwe akiwa bado mbali.

Sasa sikiliza lililotokea, kwa maana ndilo lililotaka kumuua, nasi wote hatukuliona.

Ramadhani nyumbani kwetu jiko halina moto mchana. Nani atapika, na nani atakula? Kwa hiyo Punje akaingia kwenye mwezi kama sisi sote. Alfajiri, baada ya daku, nilimshibisha wali na mchuzi wa samaki mpaka tumbo linakuwa ngoma. Magharibi tukifuturu, naye nikamshibisha tena. Niliona nimemtendea wema mkubwa. Na kila siku, jua likisimama utosini, alianguka.

Kwanza macho yanapoteza mtu. Unamwita, anatazama ukutani. Halafu anatembea kama aliyekunywa pombe, miguu ya nyuma inapishana. Masikio yanakuwa baridi. Ukimfunua mdomo, fizi zile nyekundu zimekuwa nyeupe. Mwisho anatetemeka, anakakamaa, povu kidogo mdomoni, na unabaki na kitu kizito kidogo tu kuliko manyoya, hujui kimekwenda au kitarudi. Ilipofika magharibi nilikuwa namchovya ulimi kwenye mchuzi, anarudi taratibu. Lakini kila siku alirudi kwa shida zaidi, na manyoya yakaanza kubaki mkononi nikimpapasa.

Jirani yangu Mwanakombo alikuja kuchungulia juu ya uzio.

"Hilo pepo la Kizungu," akasema. "Limemfuata Bibi limemkosa, limeingia kwa mbwa. Mtupe mtoni, shoga, lisije likakupanda wewe."

"Likinipanda nitalishikisha jembe tukalime," nikamwambia. "Nina palizi."

Nilicheka, lakini alipoondoka nililia. Nilimwekea Punje mkono kifuani nikahisi moyo unapiga haraka haraka, nikasema, hapana. Kesho yake, kabla jua halijapanda, nikamtia kikapuni, nikamfunika kwa majani ya maboga, nikashika njia ya mlimani kwenda misheni.

Kama hujawahi kungoja dawa kwenye baraza la misheni, basi hujajua kungoja. Benchi ni refu na limejaa. Kuna wa vidonda, wa macho, wa tumbo, na kina mama na watoto wao. Kila mtu anatazama mlango wa chumba cha dawa. Nikakaa mwishoni na kikapu mapajani. Pembeni yangu alikaa mama mmoja Mkristo wa huko huko mlimani, Maria, amefunga kifuani kitoto kilichozaliwa kabla ya wakati wake. Kilikuwa kimekunjamana kama kifaranga. Kila mara alikuwa anakikamulia maziwa matone mawili matatu mdomoni.

"Wako ana miezi mingapi?" akaniuliza, akitazama kikapu.

Nikazidi kukifunika kikapu. Jua likapanda. Na kwa kuwa saa yake ilikuwa imefika, Punje akaanza kutetemeka ndani ya majani. Maria akafunua kabla sijamzuia.

"Yesu na Maria! Mbwa!"

Benchi zima likageuka. Mzee mmoja akainuka akahama. Mwingine akasema, "Watu wanakufa, huyu kaleta mbwa!" Nami nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka ndani, "Ndiyo, nimeleta mbwa. Anaumwa. Mliona kibao kinachosema mgonjwa lazima awe na miguu miwili?"

Wakacheka wachache. Maria hakucheka. Alimfunua Punje mdomo kwa kidole, akatazama fizi.

"Wangu anakuwa hivi hivi," akasema polepole. "Nikisinzia akapitisha muda bila kunyonya, analegea, anakuwa baridi. Huyu wako anakula saa ngapi?"

"Daku," nikasema, "na futari."

Akanitazama. "Kwani na yeye kafunga?"

Benchi likapasuka kwa kicheko, hata yule mzee aliyehama. Jamani! Sisi tulio na nyama tunashinda na njaa mpaka magharibi, lakini kiumbe cha kuenea kwenye kata ataiweka wapi akiba ya kutwa nzima?

Mlango ukafunguka, akatoka mtawa kuona kelele za nini. Maria akamweleza. Mtawa akamshika Punje, akamgeuza huku na huku, akasema kwamba dawa ya mbwa hana, ila asali anayo, na kwa mtoto mdogo kama huyu na yeye angeanza na asali. Akachovya kidole chake mwenyewe, akampaka kwenye fizi, juu na chini, kidogo tu asije akapaliwa. Tukangoja. Benchi zima lilingoja, na wale walionicheka nao wakanyoosha shingo. Punje akameza mate. Akalamba. Akainua kichwa, akabweka, sauti nyembamba kama mlango usiotiwa mafuta.

"Haya, kafuturu!" mzee akasema.

Nikarudi na asali kwenye kibuyu kidogo, na maneno ya Maria kichwani: kidogo, tena mara kwa mara, usingoje alie. Haba na haba hujaza kibaba.

Usidhani hapo ndipo taabu ilipokwisha. Taabu yangu na watu ndiyo kwanza ilianza. Kulisha mara kwa mara maana yake kupika mara kwa mara. Uji mwepesi wa ulezi, ini la kuku lililopondwa, vyote vya moto moto. Na hii ni Ramadhani. Adhuhuri ya kwanza moshi ulipotoka jikoni kwangu, Kilakala yote iliuona. Harufu ya ini ikavuka uzio ikawakuta watu na midomo yao mikavu. Jioni ile ile ikasemwa: mke wa Salum anakula mchana.

Nikasema basi, kama ni kuonwa, nionwe vizuri. Kesho yake nikatoa jiko nje, mbele ya mlango, nikapika hapo. Nikaketi kizingitini nimefunga, midomo imekauka, nampa Punje kwa ncha ya kidole, kila apitaye aone ini linakwenda mdomoni kwa nani. Mwanakombo akapita, akapita tena.

"Karibu," nikamwambia. "Kama hufungi."

Mikono yangu ilipasuka mwezi ule kwa kuosha na udongo. Kila nikimlisha, naosha, kila sala, naosha tena, mpaka viganja vikawa na nyufa kama shamba la kiangazi. Mwili ukanipungua. Lakini Punje akapitisha adhuhuri bila kuanguka, na siku ya pili akapitisha, na mimi nikajiona malkia.

Salum hakuona malkia. Alirudi kutoka msikitini amekunja uso.

"Nimeulizwa mbele ya watu kama mke wangu ni Mwislamu," akasema. "Nimeulizwa mimi! Sasa chagua, Mama Asha. Mimi au mbwa. Kama ni mbwa, mchukue uondoke naye."

Hapo mume wangu alikosea kosa la mtu wa pwani. Miaka yote ile ameishi nasi, akasahau amekaa wapi.

"Niondoke niende wapi?" nikamuuliza. "Hapa umekuja kwangu, Baba Asha. Kiwanja hiki ni cha ukoo wetu, alikilima bibi yangu, na bibi yake kabla ya yeye. Kwetu Waluguru ardhi inashikwa na upande wa mama. Hata ule udongo unaotaka ninawie mikono ni wa bibi yangu. Siondoki. Na wewe sikufukuzi. Lakini usinichagulishe juu ya ardhi yangu."

Niliyasema hayo huku nampenda. Akachukua mkeka wake na mfuko wa vyombo vya useremala, akaenda kulala karakana. Futari yake nikawa naipeleka huko, naweka mlangoni, nagonga, naondoka. Asubuhi nakuta sahani imeoshwa. Hilo lilinipa nguvu, kwamba anakula.

Siku ya Idi akarudi. Alikaa kwenye mkeka wake upande ule wa pili wa ua, nikapakua wali wa nazi, tukala. Punje akamsogelea. Salum akavuta miguu.

Vuli ikaja ikapita. Manyoya yaliyokatika yakaota tena, mazito kuliko ya kwanza. Kuanguka kukapungua, ikawa anaanguka akipata baridi, au akicheza sana akasahau kula. Nilikwenda naye kila mahali ndani ya kikapu, sokoni, shambani, hata msibani, na kibuyu cha asali kimening'inia pembeni. Mabruki nilimwona sokoni, akamwona Punje, akapiga makofi kwa furaha. Na furaha hiyo ndiyo iliyotuponza, maana Bibi aliporudi kutoka pwani, mzima, akamlilia mbwa wake, Mabruki kwa huruma akateleza ulimi: mbona yupo, yuko kwa mama wa mboga.

Sikuyajua hayo. Ilikuwa masika, na mama yangu alishikwa na homa mlimani. Mvua ile huwezi kupanda nayo na kiumbe cha kupata baridi. Nikasimama mbele ya Salum.

"Nakwenda kumwona mama. Kesho nitarudi. Uji wake uko hapa, ini hili hapa. Akilegea, asali ile pale, kidole kidogo tu, kwenye fizi."

"Mimi?" akasema. "Mama Asha, mimi yule simgusi. Nitamsukumia sahani kwa fimbo. Zaidi ya hapo Mungu atajua."

Nikaenda. Mama nilimkuta na nafuu, lakini mvua ilipiga kutwa, na kesho yake niliposhuka, mto ulikuwa umejaa. Maji mekundu, yanabeba migomba mizima. Tukakaa ukingoni, watu wengi, tunangoja yapungue. Hilo lilikuwa baraza lingine la misheni, bila mtawa. Nikahesabu moyoni: sasa amepitisha uji wa asubuhi. Sasa analegea. Sasa macho yanapotea. Nilimwona Salum kwenye mawazo yangu amesimama na fimbo yake. Nikamchukia, nisikufiche, nikamchukia pale ukingoni, mpaka nikamwambia mto, "Pungua basi, ewe! Unanijua mimi nani?" Waliokuwepo wakadhani nimerukwa na akili.

Mto ulipopungua kufika kiunoni nikavuka na nguo mwilini. Nilikimbia mpaka Kilakala. Jikoni hamna mtu. Sahani ya uji imejaa, haikuguswa. Kibuyu cha asali hakipo.

Nikazunguka uani. Salum alikuwa amechuchumaa karibu na mtungi, mikono yote miwili imejaa matope mpaka viwiko, anasugua. Mbele yake, juu ya mkeka wake wa sala ya nyumbani, ndiyo, mkeka wake mwenyewe, Punje alikuwa ameketi amefunikwa shuka, analamba pua.

"Alikuja askari," Salum akasema bila kuniangalia. "Wa yule Bwana. Bibi anamtaka mbwa wake. Nikamwambia yuko jikoni, mchukue. Nilifurahi, Mama Asha, sikufichi. Tukaingia, tukamkuta kakakamaa, povu mdomoni. Askari akamgusa kwa buti. Akasema, huyu kafa, nitamwambia Bwana kafa. Akaniuliza, kafa au hakufa?"

"Ukasemaje?"

"Nikasema, unaona mwenyewe." Akasugua kati ya vidole. "Akaondoka. Nikabaki naye. Nikasema Mungu kamaliza kazi yake, sasa nitapumzika. Halafu akanitazama. Haonekani kuniona, lakini akanitazama. Nikasema, ala! Mke wangu kajipasua mikono kwa huyu, halafu afe mbele ya macho yangu asali iko ukutani?"

Nilikaa chini pale pale kwenye tope, nguo zinachuruzika, nikalia kwa sauti, na Punje akaja akitikisa mkia kama vile mimi ndiye niliyekuwa naumwa.

"Usilie, nisaidie," Salum akasema. "Mkono mmoja hauoshi mwingine. Mimina. Udongo umeshapita, na nimefika sita."

Nikashika kata, nikammiminia. Maji yakachukua udongo wa bibi yangu kutoka mikononi mwake, viganja vikatoka safi, vimekunjamana kwa maji. Akavinyoosha avikaushe. Punje, ambaye siku zote husogelea asikotakiwa, akanyoosha shingo, akamlamba kiganja kizima.

Nilingoja apige kelele. Salum akakitazama kiganja, akamtazama mbwa, akanitazama mimi. Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu kiangazi, mpaka akashika mbavu kwa mkono ule ule.

"Anza moja, Mama Asha," akasema. "Maji yapo."